Kalsiamu, bia na kongosho: je, nimnyime mume wangu maziwa na dagaa?

"Daktari, shikamoo. Mume wangu ana miaka 42. Mwezi uliopita alishikwa na maumivu makali ya tumbo yaliyopenya mpaka mgongoni, akatapika usiku kucha. Hospitali walisema kongosho limevimba na sababu ni pombe, ingawa yeye hunywa bia tu, tena mwisho wa wiki, gongo hagusi. Vipimo vilionyesha kalsiamu iko chini, 1.8, wakamwekea dripu ya kalsiamu. Sasa yuko nyumbani. Shemeji yangu, msomaji mkubwa wa mambo ya afya kwenye intaneti, ametutumia makala inayosema kalsiamu ndiyo inayoua seli za kongosho. Tangu siku hiyo nimeondoa maziwa, mtindi na dagaa kwenye chakula chake. Je, pale wodini walimwongezea sumu? Kalsiamu ya chakula itamrudishia ugonjwa au kumtengenezea mawe kwenye kongosho? Na muhogo je, maana nao tumeambiwa si mzuri? Ni kweli atapata kisukari? Juzi amelalamika kwamba vidole vinamkakamaa na midomo ni kama imekufa ganzi."

Marahaba, dada, na pole sana kwa kuuguza. Umeuliza mambo kadhaa, lakini nitaanza na lile ambalo hukuliuliza, la vidole na midomo. Umelitaja mwishoni kama jambo la kupita; kwangu ndilo la kwanza. Mtu aliyelazwa akiwa na kalsiamu ya chini, akarudi nyumbani, akaondolewa maziwa na dagaa, kisha vidole vikaanza kumkakamaa, lazima nishuku kwamba kalsiamu ya damu yake imeshuka tena. Mpeleke hospitali leo, usingoje tarehe ya kliniki. Waombe wampime kalsiamu, albumini, magnesiamu, potasiamu na figo, na wamfanyie kipimo cha umeme wa moyo. Magnesiamu isisahaulike, maana husahaulika mno. Pombe huifanya ipotee kwenye mkojo, na ikipungua sana, tezi ndogo nne za shingoni, ziitwazo parathairoidi, zinazolinda kiwango cha kalsiamu hushindwa kutoa homoni yake ipasavyo. Hapo hata akinywa maziwa asubuhi na jioni, kalsiamu haitapanda mpaka magnesiamu irekebishwe kwanza.

Na wakati mnajiandaa kutoka, mrudishie maziwa yake na dagaa wake. Kumnyima hakumkingi na chochote. Sasa nikueleze kwa nini.

Shemeji yako hakudanganywa. Kilichoandikwa kwenye makala ile kina msingi katika utafiti wa miaka mingi, ila kinahusu kalsiamu iliyo mahali pengine kabisa, siyo ile ya kwenye sahani wala ile iliyopimwa kwenye damu. Mwili wa mtu mzima una kama kilo moja ya kalsiamu, na asilimia 99 yake imo kwenye mifupa na meno. Kiasi kidogo kimo kwenye damu, na mwili hukilinda kwa ukali: kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita, kutegemea maabara. Halafu kuna ile iliyo ndani ya kila seli, kwenye majimaji yake. Hiyo ni kidogo mno. Seli ya kongosho iliyotulia ina kalsiamu huru iliyo chini ya ile iliyoizunguka nje kwa takriban mara 10,000, na hutumia nguvu usiku na mchana kuisukuma kalsiamu nje, au kuirudisha kwenye maghala yake ya ndani, ili hali ibaki hivyo.

Sababu ya gharama yote hiyo ni kwamba kalsiamu ndani ya seli ndiyo hodi. Nyumba ikiwa kimya, hodi moja ya sauti ya chini husikika, mwenyeji akaitika, mambo yakaendelea. Ndani ya seli pia ukimya huo ndio unaofanya ongezeko dogo la kalsiamu lisikike na lifanyiwe kazi, kisha kimya kirudi. Ugonjwa wa mumeo, ukiutazama kwenye ngazi ya seli, ni hodi isiyokoma.

Tuanze na kongosho lenye afya. Sehemu kubwa ya kiungo hiki ni seli zinazotengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula: vya protini, vya mafuta, vya wanga. Seli hizo huvifunga vimeng'enya katika vifuko vidogo na kuvipanga upande mmoja, ule unaotazama mrija wa kutolea. Vile vya protini huwekwa vikiwa vimelala. Tripsini, kwa mfano, huhifadhiwa kama tripsinojeni, isiyoweza kusaga kitu mpaka ifike utumbo mwembamba na kuamshwa huko. Mumeo anapokula ugali na maharage, utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, na neva za tumbo hutoa asetilikolini. Vyote viwili hugusa vipokezi juu ya seli ya kongosho, na ndani ya seli hutengenezwa kijumbe kidogo kiitwacho IP3, ambacho huenda kufungua ghala la kalsiamu. Kalsiamu hutoka kwa mpigo mfupi, wa sekunde chache, tena mara nyingi upande ule ule wenye vifuko tu. Vifuko hujifungua kwenye mrija, vimeng'enya hutoka, pampu hurudisha kalsiamu ghalani. Mpigo mwingine hufuata, na mwingine, kwa muda wote ambao chakula kinaendelea kusagwa.

Inapendeza kujua kwamba kazi hiyo ya IP3, ambayo sasa inafahamika katika seli za karibu kila kiungo, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye seli za kongosho la panya, mwaka 1983, na watafiti wa Ujerumani na Uingereza: Streb, Irvine, Berridge na Schulz. Baadaye ikaonekana pia kwamba mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyotengeneza nishati, vimejipanga kama ukanda kuzunguka eneo la vifuko, na hufyonza kalsiamu inayotaka kusambaa. Ishara hubaki pale inapotakiwa. Mimi hupenda kuwaeleza wanafunzi jambo hili kabla sijawaeleza ugonjwa, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni kuvunjika kwa mpangilio huo, hatua kwa hatua.

Mwaka 1896 mtaalamu wa patholojia Hans Chiari, aliyekuwa Prague, alisema kongosho lililovimba huwa limejisaga lenyewe. Alikuwa sahihi, lakini swali lililobaki kwa karibu miaka mia ni hili: vimeng'enya vilivyolala vinaamkaje vikiwa bado ndani ya seli? Mwaka 1995 kundi la watafiti wa Liverpool lilitoa hoja katika jarida la Lancet kwamba kichocheo ni kalsiamu inayopanda ndani ya seli na kukaa juu. Majaribio yaliyofuata yameiunga mkono hoja hiyo kwa nguvu.

Kwa upande wa pombe, mambo huenda hivi. Sehemu ya pombe inayofika kwenye kongosho huungana na asidi za mafuta na kutengeneza kemikali ambazo zina madhara zaidi kwa seli kuliko pombe yenyewe. Kemikali hizo hufungua maghala ya kalsiamu, siyo kwa mipigo mifupi bali kwa mfululizo, mpaka maghala yanakauka. Ghala likikauka, seli hufungua milango kwenye utando wake wa nje, mlango unaojulikana zaidi ukiwa ule uitwao Orai1, ili kalsiamu ya nje iingie kujaza ghala. Katika hali ya kawaida hilo ni jambo jema. Hapa maghala hayajai kamwe, kwa hiyo milango haifungwi. Mitokondria hufyonza kalsiamu mpaka inazidiwa na kuacha kutengeneza nishati. Na pampu za kutoa kalsiamu zinaendeshwa na nishati hiyohiyo. Nishati imekatika, pampu zimesimama, kalsiamu inazidi kupanda, tripsini inaamka ndani ya vifuko, seli inapasuka na kumwaga vimeng'enya kwa jirani zake. Chembe za kinga zinakimbilia pale na kuongeza moto. Maumivu aliyoyasikia mumeo yakipenya mgongoni ndiyo hayo.

Mawe ya nyongo hufikia mwisho uleule kwa njia nyingine: jiwe huziba mrija, na shinikizo pamoja na chumvi za nyongo zinazorudi nyuma huzisumbua seli, kalsiamu ikapanda vilevile. Ndiyo maana daktari anayemhudumia mgonjwa kama huyu hamalizi kazi mpaka atazame kifuko cha nyongo.

Nalisema hilo kwa makusudi, maana kuna kitu katika maelezo yako kinanisumbua. Pombe ya bia na ya gongo ni ileile. Kongosho halijui chapa wala bei. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe. Kwa hiyo "bia tu" si kinga. Lakini mgonjwa wa kawaida wa kongosho la pombe ni mtu aliyekunywa zaidi ya gramu 50 kwa siku, kwa miaka mitano au zaidi. Kama kweli mumeo hunywa chupa mbili tatu Jumamosi, basi sipendi kesi ifungwe kwa kusema "pombe" halafu basi. Ama anakunywa kuliko unavyojua, na hilo halinishangazi wala sitaki mgombane kwa ajili yake, ama kuna sababu nyingine ambayo haijatafutwa. Uliza kama alipigwa ultrasaundi ya kifuko cha nyongo. Uliza kama mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi yalipimwa. Yakivuka miligramu 1,000 kwa desilita yanaweza yenyewe kuangusha kongosho. Orodhesha dawa zote anazotumia, na za mitishamba pia.

Sasa turudi kwenye ile 1.8 na dripu. Kalsiamu ya damu ilishuka kwa sababu ya ugonjwa, haikuuleta. Lipasi, kimeng'enya cha kusaga mafuta, ilimwagika nje ya seli na kuanza kuyeyusha mafuta yanayolizunguka kongosho. Asidi za mafuta zinazotokana na hapo hushika kalsiamu na kufanya sabuni, sabuni halisi ya kikemia. Wapasuaji huiona kama madoa meupe ya chaki juu ya mafuta ya tumbo. Kalsiamu iliyonaswa huko haipo tena kwenye damu. Tangu mwaka 1974, John Ranson alipoweka vigezo vyake vya kupima ukali wa ugonjwa huu, kalsiamu kushuka chini ya milimoli 2 ndani ya saa 48 imehesabiwa kuwa moja ya dalili kwamba shambulio ni kali.

Kuna sababu ya pili ya namba kushuka, na hii ni ya kihesabu zaidi. Karibu asilimia 40 ya kalsiamu ya damu hubebwa na protini ya albumini, na mgonjwa mahututi hupungukiwa albumini haraka. Maabara ikipima jumla, namba inaonekana ndogo hata kama ile kalsiamu huru inayofanya kazi iko sawa. Kwa hiyo tunarekebisha: kwa kila gramu moja ya albumini iliyopungua chini ya 40 kwa lita, unaongeza 0.02. Kama albumini yake ilikuwa 25, ile 1.8 ni sawa na 2.1, na hapo hakuna upungufu wa kutisha. Sijui albumini yake; karatasi ya kuruhusiwa huenda imeandika. Bora zaidi ni kupima kalsiamu huru moja kwa moja, mahali mashine ipo.

Je, walimwongezea sumu? Hapana. Lakini sitaki kukujibu kwa mkato kana kwamba hakuna la kujadili. Milango ile ya Orai1 hupitisha kalsiamu kutoka nje ya seli, kwa hiyo kinadharia si busara kumwekea dripu ya kalsiamu kila mgonjwa wa kongosho eti kwa sababu namba kwenye karatasi iko chini. Utaratibu ninaoufuata, na wanaoufuata wenzangu wengi, ni kumpa mgonjwa ambaye kalsiamu huru imeshuka kweli, au mwenye dalili: kukakamaa, ganzi ya midomo, degedege, mabadiliko kwenye kipimo cha moyo. Kwa huyo, dripu ya kalsiamu inaokoa maisha, kwa sababu moyo na misuli haviwezi kungoja kongosho lipone. Na kumbuka kwamba inamrudisha mtu kwenye kiwango cha kawaida tu, haimpitishi. Kilichofungua milango ya seli ni pombe au nyongo. Kikombe cha maziwa hakina uwezo huo.

Kwa nini hakina? Kwa sababu kinapofika kwenye damu kinakuta walinzi. Kikombe cha mililita 250 kina kama miligramu 300 za kalsiamu, na mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku. Ukila zaidi, utumbo hupunguza kufyonza na figo hutoa ziada. Ukila kidogo, tezi za parathairoidi huagiza kalsiamu itolewe kwenye mifupa. Ndiyo hasara ya kumnyima: damu itajitahidi kubaki na kalsiamu yake, na gharama italipwa na mifupa. Kwa wagonjwa wa kongosho hasara hiyo ni mara mbili, maana wale ambao kongosho lao huishia kudhoofika hushindwa kufyonza mafuta vizuri, na pamoja na mafuta hupotea vitamini D. Mifupa yao huwa myepesi mapema kuliko ya watu wa rika lao.

Kuna hali ambayo kalsiamu ya damu ikizidi huweza kweli kuangusha kongosho, na ni haki uijue. Hutokea pale ulinzi unapovunjika: uvimbe kwenye tezi ya parathairoidi unaotoa homoni bila breki, baadhi ya saratani, au mtu kumeza vidonge vingi vya kalsiamu na vitamini D kwa miezi bila kupimwa. Kwa hiyo dagaa, ndiyo, mtindi, ndiyo, mboga za majani, ndiyo. Vidonge, mpaka daktari aseme na aweke tarehe ya kupima tena. Na hapa kuna mtego ambao hata hospitali huuangukia: mtu mwenye tezi yenye kasoro akipata shambulio, kalsiamu yake iliyokuwa juu hushuka kwa ajili ya ile sabuni, ikaonekana ya kawaida au ya chini, na chanzo kikafichika. Kwa hiyo hata kama ya leo itarekebishwa, naomba kalsiamu ipimwe tena wiki sita au nane baadaye, akiwa mzima. Ikionekana iko juu, hadithi yote inabadilika.

Wengine, wakisoma habari za milango ya kalsiamu, hukimbilia duka la dawa kuulizia "dawa ya kuziba kalsiamu" na kuuziwa amlodipini au nifedipini, ambazo ni za shinikizo la damu. Zile huziba milango ya aina nyingine, inayofunguka kwa umeme, kwenye mishipa na moyo. Seli za vimeng'enya za kongosho hazitegemei milango hiyo. Kama alikuwa anatumia moja ya dawa hizo kwa ajili ya presha, aendelee. Kama hakuwa anatumia, asianze. Dawa inayolenga Orai1 yenyewe ipo kwenye majaribio kwa wagonjwa na matumaini ni ya kweli, lakini hutaikuta dukani.

Kuhusu mawe. Mawe ya kongosho yapo, na yametengenezwa kwa kalsiamu kaboneti. Lakini hayatoki kwenye sahani. Majimaji ya kongosho yana kalsiamu na bikaboneti kwa asili yake. Kongosho linapovimba mara kwa mara, majimaji hayo huwa mazito, protini huganda kwenye mirija na kuziba, kisha kalsiamu huganda juu ya vizibo hivyo. Ukipunguza dagaa hupunguzi chochote hapo. Ukiacha pombe na sigara, unapunguza. Sigara nasema kwa sababu hukuitaja: yenyewe peke yake ni hatari kwa kongosho, na ikiungana na pombe, mawe huja mapema zaidi.

Habari ya muhogo ina historia ndefu. Mwaka 1959 daktari Zuidema alieleza vijana wa Indonesia waliokuwa na utapiamlo, mawe ya kongosho na kisukari. Baadaye hali hiyo ilionekana kwa wingi Kerala, kusini mwa India, na Uganda nayo iliripoti wagonjwa wake. Kwa kuwa wengi walikuwa maskini wanaotegemea muhogo, na muhogo mchungu una sumu ya sianidi, muhogo ukalaumiwa. Lawama hiyo haijasimama: yapo maeneo mengi yanayokula muhogo kila siku bila ugonjwa huo, na wapo wagonjwa wasioula. Badala yake zimepatikana kasoro za kurithi, hasa kwenye jeni iitwayo SPINK1, ambayo kazi yake ni kuizuia tripsini isiamke mahali pasipostahili. Muhogo mchungu uandaliwe inavyotakiwa kwa sababu zake nyingine. Mumeo ale muhogo wake.

Kisukari ndilo swali gumu kati ya yote. Asilimia moja au mbili ya kongosho ni vishada vya seli alivyovieleza Paul Langerhans mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin. Humo ndimo insulini inamotengenezwa, na humo pia kalsiamu ndiyo inayoamuru, ila kwa njia tofauti na ile ya seli za vimeng'enya. Sukari ikiingia kwenye seli na kuchomwa, nishati hupanda. Nishati ikipanda, milango ya potasiamu hufungwa. Umeme wa utando hubadilika, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia kutoka nje, na insulini humwagwa kwenye damu. Kidonge cha glibenklamidi ambacho wazee wetu wengi wamekimeza kinafunga milango hiyohiyo ya potasiamu. Na kuna watoto wanaozaliwa na kasoro kwenye milango hiyo, haifungi hata sukari ipande vipi. Chanzo chao kilijulikana mwaka 2004, na miaka miwili baadaye, katika utafiti wa wagonjwa 49 wa aina hiyo waliokuwa wakichoma sindano, 44 waliacha insulini na kubaki na vidonge. Kwa hiyo ukisikia tena kwamba kalsiamu ni adui wa kongosho, kumbuka bila kalsiamu kuingia kwenye seli zile insulini haitoki.

Kwa mumeo, hatari inatokana na vishada kuumia wakati jirani zao walipokuwa wanajisaga. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba takriban watu 15 kati ya 100 walipata kisukari ndani ya mwaka mmoja baada ya shambulio la kwanza. Maana yake wengi hawakipati, lakini idadi hiyo ni kubwa mno kwa mtu kukaa bila kupima. Apime sukari baada ya miezi mitatu, kisha angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi akianza kiu, mkojo mwingi au kukonda. Akionekana nacho, amkumbushe daktari kwamba aliwahi kuugua kongosho. Kisukari cha namna hii si sawa na kile cha kawaida cha watu wazima. Mara nyingi kinahitaji insulini mapema zaidi, na sukari yake huyumba.

Angalia pia choo chake. Kikiwa cha kung'aa kwa mafuta, kinaelea, kinanuka kupita kawaida, na mwili unapungua ingawa anakula, kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha. Vipo vidonge vya vimeng'enya, humezwa pamoja na chakula. Ni ghali, siwezi kukuficha, lakini kwa anayevihitaji, hakuna chakula maalumu kinachoweza kushika nafasi yake.

Kinachobaki ni pombe, na hapa sina njia ya katikati ya kukupa. Baada ya shambulio la kwanza, karibu mmoja kati ya watano hupata jingine, na anayeendelea kunywa ndiye aliye karibu zaidi nalo. Asijaribu kupunguza, aache. Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwagawa wagonjwa wa kongosho la pombe makundi mawili: wote walishauriwa wodini, lakini kundi moja liliitwa tena kila baada ya miezi sita kuzungumza na muuguzi kuhusu pombe. Ndani ya miaka miwili, kundi lililorudi kuzungumza lilipata mashambulio machache zaidi. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine, ni mazungumzo yaliyorudiwa tu. Kwa hiyo kliniki ikikupa tarehe ya kurudi, mrudishe hata kama anajisikia mzima, na nenda naye. Wewe usiwe polisi wake nyumbani. Kazi hiyo huvunja ndoa na haizuii pombe. Na kama ukweli ukitoka kwamba alikuwa anakunywa kila siku, asikate ghafla bila daktari kujua. Kutetemeka, jasho, kuona visivyokuwepo na degedege katika siku mbili tatu za mwanzo vinaweza kuua, na vinatibika.

Mtakapokwenda leo, beba karatasi ya kuruhusiwa, majibu yote ya maabara, na vidonge vyenyewe anavyotumia, siyo majina yake kichwani. Kama maumivu yale ya tumbo yatarudi na kukaa zaidi ya saa chache, kama atatapika asiweze kubakiza hata maji, akipata homa, macho yakiwa ya njano, pumzi ikibana, au akianza kuchanganyikiwa, msipitie duka la dawa kwanza wala msingoje asubuhi. Nendeni moja kwa moja hospitali yenye maabara na wodi ya kulaza, na mkifika mlangoni semeni maneno haya mapema: aliugua kongosho mwezi uliopita.